Kisigino Kinachofungwa kwa Moto na Nta

Geuza kiatu cha kiume kilichotengenezwa kwa uangalifu, kile chenye soli ya ngozi tupu, ukitazame kisigino chake kwa ubavuni. Kwenye mwanga mzuri utaona mistari myembamba iliyolala mmoja juu ya mwingine. Hayo ni matabaka ya ngozi, manne au matano, kila moja lina unene wa milimita 5 au 6, yamepangwa mpaka yakafika kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Mistari ikijitokeza mno, ujue fundi aliharakisha. Isipoonekana kabisa, pengine unachokitazama ni plastiki. Kisigino kilichofikishwa mwisho wake huonekana kuwa kitu kimoja kigumu, cheusi au cha kahawia iliyoiva, na ni mpaka ukisogeze karibu na macho ndipo utambue kuwa kimetokana na vipande vingi.

Sehemu hii ndiyo ninayoitazama kwanza nikishika kiatu chochote. Wengi husifu ncha, mshono na ulaini wa ngozi ya juu, na wana haki. Lakini ncha hung'arishwa na mwenye kiatu mwenyewe kila asubuhi kwa brashi na kiwi. Kisigino kinategemea kazi iliyofanywa mara moja, kiwandani au kwenye meza ya fundi, na uzuri au ubovu wa kazi hiyo utaonekana kwa miaka. Tena mng'aro wake haupakwi kama watu wanavyodhani. Unatoka kwenye ngozi yenyewe baada ya kukatwa, kukwanguliwa, kulowanishwa, kukandamizwa kwa chuma cha moto na kuzibwa kwa nta. Kila zana inayopita pale, kuanzia tupa hadi kitambaa cha mwisho, imekuja kuifunga ngozi.

Ngozi ya juu ya kiatu inatuonyesha uso wake, ule upande uliokuwa na manyoya mnyama alipokuwa hai. Uso huo umeshikana wenyewe kwa asili. Kisigino kinatuonyesha ubavu uliokatwa, na ndani ya ubavu huo kuna nyuzinyuzi zilizosukana huku na huku, ncha zake zikiwa wazi. Ukiuacha hivyo, utakunywa maji ya kila dimbwi, utafura, utatoa manyoyamanyoya na kuchanika. Kwa hiyo kumalizia kisigino kuna kazi mbili kwa pamoja, kinga na urembo, na mikono ikifanya moja vizuri huwa imeifanya na ya pili.

Ngozi yenyewe si ya kawaida. Ni ngozi nene ya ng'ombe iliyotiwa dawa ya magome ya miti, ngumu kiasi cha kutoa mlio ukiigonga mezani. Huko Colyton, katika jimbo la Devon nchini Uingereza, kiwanda cha J. & F.J. Baker bado kinatumia magome ya mwaloni, na ngozi ya soli hukaa humo mwaka mzima na zaidi kabla haijawa tayari. Wengine hutumia dondoo la magome ya miwati, na hapo Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya miti hiyo, na nyanda za Eldoret nchini Kenya nazo zilipandwa miwati kwa miaka mingi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ina tabia moja ambayo fundi wa visigino anaitegemea kabisa: ikilowa kidogo hukubali umbo, na ikikauka hulishika umbo hilo. Ngozi iliyotiwa dawa ya kromiamu, ile laini ya ngozi za juu, haina utii huo, na ndiyo sababu huwezi kujenga kisigino cha namna hii kwa ngozi yoyote uliyonayo.

Kazi ya kumalizia huanza kuharibika au kufanikiwa mapema, matabaka yanapopangwa. Gundi ikipakwa nene, ikikauka hukataa wino, na baadaye utaona mstari mweupe unaozunguka kisigino ambao hakuna nta itakayouficha. Misumari ikipigwa karibu na ukingo, tupa itaigusa, na kisigino kilichotokeza kichwa cha msumari ubavuni hakina tiba. Mafundi wa zamani walipenda vijiti vya mbao badala ya misumari kwa sababu hiyo, kwani tupa ikifika kwenye kijiti hukisaga pamoja na ngozi. Kila tabaka pia hugongwa kwa nyundo kabla ya kuwekwa, ili nyuzinyuzi zishikane tangu ndani. Aliyepuuza nyundo atahangaika na pasi baadaye.

Baada ya hapo huja kisu, halafu tupa. Tupa ya washona viatu ina meno makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili, bapa huku na mviringo kule, na kazi yake ni kulipa donge la matabaka umbo lake: kuta zinazopungua kidogo kuelekea chini, mviringo wa nyuma usio na kona, uso wa mbele uliobonyea kiasi. Hapa ndipo fundi anapochagua sura ya kiatu kizima kikitazamwa kwa nyuma. Kisigino kilichosimama wima kama ukuta kinakifanya kiatu kionekane kizito. Kilichobanwa chini kupita kiasi kinaonekana kutaka kuanguka. Tofauti ya vyote viwili ni milimita moja au mbili.

Tupa huacha mifereji. Ili kuiondoa, washona viatu wa Ulaya walitumia kwa karne nyingi kitu ambacho mtu hangekitarajia kwenye kisanduku cha zana, yaani kipande cha kioo kilichovunjika. Wapo wanaokitumia hadi leo, na nakiweka juu ya zana zote za kazi hii. Kioo kinapovunjika hutoa ukingo mkali kuliko kisu chochote cha kunoa, na kwa kuwa fundi anaukwaruzisha badala ya kukata nao, hauchimbi. Kisu kikiteleza huingia ndani ya ngozi. Kioo kikiegeshwa na kuvutwa kwa mikono miwili huondoa utando mwembamba kama ganda la kitunguu, na ngozi inayobaki nyuma yake ni laini tayari. Fundi mzoefu huchora mstari juu ya kioo cha dirisha, akakibana na kukivunja ili ukingo utoke na upinde kidogo, ulingane na mviringo wa kisigino. Ukingo huo hufa baada ya mipito michache. Anautupa, anavunja mwingine. Hakuna kunoa, hakuna jiwe. Kwa kazi inayotaka ukali mpya kila dakika, sijui zana ya dukani inayoweza kushindana na kipande hicho.

Msasa hufuata, na kanuni yake ni kwamba namba hazirukwi. Ukianza na namba 80, ukaja 120, ukaja 220, kila karatasi inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia na kuacha mikwaruzo midogo zaidi. Ukiruka kutoka 80 hadi 220, vidole vyako vitakuambia kisigino ni laini, macho yako yatakubali, na utaendelea mbele ukiwa na amani. Kisha utapaka wino. Wino hutuama kwenye mikwaruzo, na mistari yote uliyoiacha itatokea myeusi, imepangana, haiwezi kukanushwa. (Kabla karatasi za dukani hazijafika, maseremala wa pwani yetu walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, na majani hayo bado yanakwaruza vizuri.) Mikono pia ina sheria yake hapa. Kisigino kimekaa chini ya ngozi ya juu iliyokwisha kukamilika, na msasa ukiponyoka mara moja ukaigusa, umeharibu kiatu kizima. Ndiyo maana utaona kidole gumba cha fundi kimelala muda wote kwenye mpaka wa ngozi na kisigino. Ni uzio, na wakati mwingine hulipa gharama ya uzio.

Sasa maji. Sifongo yenye unyevu hupitishwa kwenye kuta za kisigino, na nyuzinyuzi zilizolala zinasimama tena, kisigino kinaota manyoya kana kwamba kazi yote imepotea. Hii ni hatua ya makusudi. Manyoya hayo yangesimama siku ya kwanza ya mvua; afadhali yasimame sasa, yakwanguliwe kwa msasa mwembamba kabisa, yalowanishwe tena, yakwanguliwe tena, mpaka maji yapite bila kitu kusimama. Baadhi ya mafundi husugua hapo kwa mfupa wa mnyama uliolainishwa au kwa fimbo ya mti mgumu, wakikandamiza ngozi ikiwa bado ina unyevu. Ukiwa na subira ya kutazama utaiona rangi ikikolea chini ya mfupa kabla ya tone lolote la wino. Ngozi imeanza kujifunga.

Halafu wino, tabaka jembamba, likauke, jingine. Wino ni msema kweli, nimeshasema. Anayeufikia bila hofu ni yule aliyefanya hatua zote zilizopita.

Na sasa pasi. Ni vyuma vidogo vyenye mpini wa mbao, kila kimoja na uso wake: kuna pasi ya ukingo wa soli, yenye mdomo unaoukumbatia ukingo kwa juu na kwa chini; kuna ya kiuno cha kiatu, nyembamba; na kuna ya kisigino, yenye uso uliobinuka kidogo na kung'arishwa hadi kuwa kioo, kwa sababu uso wa pasi ndio utakaonakiliwa kwenye ngozi. Doa dogo la kutu kwenye pasi ni alama kwenye kila kisigino kitakachopita. Mji wa Sheffield, maarufu kwa vyuma, ndio ulioilisha kazi hii zana. Kampuni ya George Barnsley & Sons ilianzishwa huko mwaka 1836 na kuzitengeneza kwa zaidi ya karne moja na nusu, na pasi zenye jina lake bado zinatafutwa na mafundi, kwa maana chuma kizuri kilichotunzwa hakizeeki. R. A. Salaman, aliyetumia miaka akiorodhesha zana za kazi za mikono, alitoa mwaka 1986 kamusi nzima ya zana za ngozi, na anayeifungua hushangaa kuona pasi za aina nyingi namna ile kwa ajili ya kingo za kiatu peke yake.

Pasi hupashwa kwenye taa ya spiriti. Ugumu wote wa kazi hii umejificha kwenye swali la moto kiasi gani. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili na ambayo ndiyo ngumu kuliko nta zote za asili, huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86. Ngozi ya magome nayo, ikiwa imelowa, huanza kusinyaa joto lake likifika kati ya nyuzi 70 na 85. Zisome tena namba hizo utaona mtego. Joto linaloyeyusha nta ngumu ndilo linaloua ngozi yenye maji. Fundi hutoka kwenye mtego huo kwa mpangilio na kwa mwendo. Pasi ya kwanza, ya vuguvugu, hupita ngozi ikiwa na unyevu mdogo, bila nta, ili kulaza nyuzinyuzi. Kisigino hukaushwa. Ndipo pasi ya moto huja na nta, juu ya ngozi kavu inayovumilia zaidi, na haisimami hata nukta moja mahali pamoja. Kipimo cha moto ni kuigusisha pasi kwenye kipande cha nta: ikiyeyuka kimyakimya, sawa, ikitoa moshi, subiri. Wengine huisogeza karibu na shavu. Mkono huenda na kurudi kwa mipito mifupi, uzito ukitoka begani, na ukisikiliza utasikia chuma kikibadilisha sauti, kutoka mkwaruzo mkavu hadi mtelezo, nta ilipokwisha kuingia.

Mtu akiunguza kisigino utajua. Ngozi hugeuka nyeusi ya kahawa iliyoungua, hukakamaa na kupasuka vipasuko vidogo, na njia ya kurudi ni moja, kioo na msasa upya hadi kufikia ngozi hai.

Nta inayotumika hapo huja katika vipande vigumu, mchanganyiko wa nta, mafuta ya mnyama na masizi kwa visigino vyeusi. Waingereza wameitumia nta hiyohiyo ya washona viatu kwa jambo jingine lisilohusiana kabisa na miguu: huweka karatasi juu ya mabamba ya shaba yaliyochongwa kwenye makaburi ya makanisani, wakaisugua kwa kipande hicho, na sura ya marehemu wa karne nyingi zilizopita ikatokea kwenye karatasi. Ni nta ngumu vya kutosha kutoingia kwenye michirizi na laini vya kutosha kuacha alama, na ndiyo tabia ileile inayohitajika kwenye kisigino. Upande wetu, nta ya nyuki ya misitu ya miombo, ya Tabora na Katavi, imekuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya tangu enzi za ukoloni. Fundi wa Mwanza au Dodoma anayetaka kujaribu kazi hii hana haja ya kuagiza nta ng'ambo.

Mwisho hupita gurudumu dogo lenye meno, limepashwa kidogo, likabingirishwa kwenye mstari unaotenganisha kisigino na ngozi ya juu. Linaacha safu ya alama ndogo zilizolingana, na kazi yake ni kuficha ufa ambao vinginevyo jicho lingeuona. Kisha brashi, kisha kitambaa. Hapo ndipo wengi wanadhani mng'aro unatokea, na kweli unaonekana hapo, ila kitambaa kimefika kwenye karamu iliyokwisha kupikwa.

Hayo yote ni ya mkono. Lakini viatu vingi vya namna hii hutoka viwandani, na kiwanda kinastahili kutazamwa kwa heshima ileile. Mji wa Northampton, katikati ya Uingereza, umeishi kwa viatu kwa karne nyingi. Mwaka 1642 washona viatu wa mji huo walipata kandarasi ya jozi 4,000 za viatu na 600 za mabuti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likienda Ireland, na hadi leo timu yao ya mpira inaitwa kwa jina la utani la washona viatu. Tricker's wapo tangu 1829, Church's tangu 1873, Crockett & Jones tangu 1879. Viwanda hivyo husema kiatu kimoja hupita kwenye hatua zaidi ya 200 na huchukua takriban wiki nane. Chumba cha kumalizia ndicho chenye kelele na vumbi, na ndicho ninachokipenda.

Mashine nyingi za chumba hicho zina asili moja. Mwaka 1899 makampuni makubwa ya mashine za viatu ya Marekani yaliungana yakawa United Shoe Machinery, yenye kiwanda kikubwa cha zege huko Beverly, Massachusetts, na mkono wake wa Uingereza ukawekwa Leicester. Kampuni hiyo haikuuza mashine zake kubwa; ilizikodisha, na mwenye kiwanda alilipa kulingana na jozi alizotengeneza. Ilishika soko kiasi kwamba serikali ya Marekani iliipeleka mahakamani, na hukumu ya mwaka 1953 ilikwenda dhidi yake. Ubaya wa biashara hiyo usitufiche ubora wa vyuma vyake. Mafundi wa kampuni walikaa na kila tendo la mkono, wakauliza mkono unafanya nini hasa, wakajenga gurudumu linalofanya hilo moja tu. Kisu na tupa vikawa kikatio cha kuzunguka, visu vimepangwa kwenye duara kwa umbo la kuta za kisigino. Kioo na msasa vikawa magurudumu yaliyovikwa karatasi, ya kukwaruza na ya kulainisha, feni ikivuta vumbi kwa nyuma. Pasi ikawa bamba la moto linalotikisika, au brashi inayozunguka ikiwa imeshiba nta. Iko mashine ya kulainisha chini ya soli kwa kifuko cha mpira kilichojazwa hewa na kuvikwa msasa. Inaitwa Naumkeag, jina ambalo wenyeji asilia waliliita eneo la Salem, Massachusetts, kabla ya Waingereza kufika.

Ila hakuna mashine kati ya hizo inayokishika kiatu. Kikatio kinazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na mbele yake amesimama mtu mwenye kiatu mikononi, hakuna bano, hakuna reli. Anakileta kisigino kwenye visu, anakizungusha kwa viwiko na kiuno kwa mpito mmoja usiokatika, kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje, kisha anachukua cha pili, ambacho lazima kifanane na cha kwanza kwa sababu mvaaji ataviweka sambamba sakafuni maisha yake yote. Akisita, visu vinachimba bonde. Akisukuma kwa nguvu, tabaka zima limekwenda. Kazi ya kukata kingo ilihesabiwa Northampton kuwa ya mafundi wa daraja la juu, na kujifunza kwake huchukua miaka. Kasi ya chuma haikuondoa ustadi wa mkono. Iliondoa muda wa kufikiri katikati ya kazi, na kumtaka mtu awe ameshafikiri yote kabla hajaanza.

Vumbi lile, hata hivyo, lina historia ya kusikitisha, na anayeipenda kazi hii hana ruhusa ya kuipita. Mwaka 1970 daktari Donald Acheson na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi wao juu ya saratani ya pua miongoni mwa wafanyakazi wa viatu wa Northamptonshire. Walioumia zaidi walikuwa wa vyumba vyenye vumbi, chumba cha kumalizia kikiwemo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la ngozi kwenye kundi la kwanza, yaani lile la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo feni ile iliyo nyuma ya gurudumu la msasa ni zana ya kumalizia visigino sawa na pasi na nta. Na fundi wetu anayepiga msasa kwenye kibanda cha mabati mita mbili kwa mbili, Kariakoo au Gikomba, bila feni, kinachompasa ni barakoa nzuri puani na mlango wazi mgongoni. Chama cha mafundi kikitaka kufanya jambo moja la maana mwaka huu, kianzie hapo.

Visigino vingi duniani leo havijui lolote la hayo. Vimemiminwa, mpira au plastiki, kwenye kalibu ya chuma. Mng'aro wao umehamia kwenye kalibu: chuma hung'arishwa mara moja na mtu mwenye subira, na kila kisigino kinachotoka humo kinarithi uso ule bila kuguswa. Ni kazi ya akili, na imevalisha watu wengi miguu kwa bei wanayoimudu. Kiwanda cha Bata pale Limuru kimeonyesha hilo kwa vizazi vya watoto wa shule. Visigino vyembamba vya mchuchumio navyo ni plastiki ngumu yenye chuma ndani, vikavikwa ngozi, kwa sababu ngozi tupu iliyopangwa isingeweza kuubeba mwili juu ya kipenyo kidogo vile. Ninachokikataa ni kile kisigino cha plastiki kilichochorwa mistari ya uongo ya matabaka. Mistari ya ngozi ni matokeo ya kujenga, haikukusudiwa kuwa pambo, na anayeichora juu ya kitu ambacho hakikujengwa anamwambia mnunuzi uongo kwa lugha ya fundi.

Kisigino cha ngozi kina fadhila nyingine ambayo kilichomiminwa hakina: kinarudi. Kipande cha chini kabisa, ambacho mara nyingi huwa na kona ya mpira upande wa nyuma panapolika kwanza, hung'olewa na kuwekwa kipya, na matabaka ya juu hubaki palepale. Ukienda kwa fundi, usimwambie abadilishe kipande na kukupa kiatu papo hapo. Mwambie amalizie ubavu. Kipande kipya kitakuwa kimepauka na kimetokeza nje kwa nusu milimita, na kisigino cha zamani kitakuwa na mikwaruzo ya ngazi na kingo za barabara. Fundi anayeijua kazi atashusha ukuta wote kwa kioo au msasa hadi ngozi safi, atalowanisha, ataweka wino, atapasha pasi. Kama hana pasi ya kisigino, mgongo wa kijiko kizito cha chuma uliopashwa kidogo na kufutwa masizi utamsaidia kwa sasa, alimradi asiusimamishe mahali pamoja. Mlipe muda huo. Matabaka ya juu yalikwisha kunywa nta tangu kiwandani, na yatang'aa kwa mpito wa kwanza. Kipande kipya kitadai nta mara mbili au tatu ndipo rangi yake ilingane na ya wenzake.